Kipa Wetu, Mwalimu wa Hesabu

Nilishuka treni Kigoma nikiwa na godoro, ndoo mbili na cheti cha ualimu kilichosema nimesomea Hesabu na Michezo. Mwalimu mkuu wa shule niliyopangiwa kule Ujiji alikisoma cheti kile akiwa amesimama, kisha akakaa, akalisoma neno la mwisho kwa mara ya pili.

"Michezo ipi?"

"Netiboli, riadha, na mpira wa miguu kwa nadharia."

"Nadharia inatosha," akasema, akafungua kabati na kunionyesha mpira. Ulikuwa umeshonwa na fundi viatu mara nyingi hata ukawa na umbo la boga. "Kuanzia Jumanne wewe ni kocha wa timu ya walimu."

Nilidhani ni heshima. Wiki haikuisha kabla sijajua kwa nini walimu wanaume kumi na mmoja waliikataa kazi ile wakampa msichana wa Singida ambaye hata nyumba ya kupanga alikuwa hajapata. Kocha wa timu ile alitakiwa kumwambia mwalimu mkuu akimbie. Mwalimu mkuu alicheza namba tisa, mshambuliaji wa kati. Alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili na pumzi ya nusu mtu, lakini mpira ulikaa ndani ya kabati la ofisi yake na ufunguo ulikaa mfukoni mwake, kwa hiyo namba yake haikuwa na mjadala.

Mimi nilikulia katikati ya kaka watano. Nilipokuwa mdogo sana kucheza, walinisimamisha niwe mwimo wa goli, na mtu akisimama mwimo wa goli miaka mitatu hujifunza mengi. Kwa hiyo sikuogopa. Siku ya kwanza ya mazoezi nilipuliza filimbi nikasema, "Mwalimu mkuu, kimbia." Walimu wote wakatazama chini, kama watu waliosikia kishindo wakangoja kuona kilichovunjika. Mwalimu mkuu akanitazama, akavuta suruali juu, akakimbia hatua saba. Kuanzia siku ile nikapata nyumba ya kupanga mtaa wa Rusimbi, maana mwalimu wa dini alisema mtu kama mimi hafai kulala kwa wageni.

Miaka ile ndiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi kwa miguu na kutoka Zaire kwa boti, na sheria ilisema wote wakae kambini, safari ya lori ya saa kadhaa kutoka mjini. Lakini sheria inasema mengi. Wenye ndugu Ujiji waliwaleta watoto wao shuleni kimya kimya, na mimi ndiye niliyekuwa na rejista ya darasa la tatu.

"Mnatoka wapi, mama?"

"Kalinzi."

"Kalinzi sehemu gani?"

Mama aliangalia dari kidogo. "Kalinzi ya kule juu."

Nami nikaandika: Kalinzi. Nilipanda huko siku moja na mwenzangu kununua maharage. Niliona kahawa, migomba, vijia vyekundu na nyumba chache, nikashindwa kuelewa watoto wote wale wa rejista yangu walikuwa wanalala wapi. Mwalimu mkuu aliikagua rejista kila mwisho wa mwezi. Alipita juu ya neno Kalinzi kwa kalamu yake nyekundu, mstari baada ya mstari, akasema tu, "Hawa watu wa milimani wanazaa," akatia sahihi. Kwa watoto wenyewe hapakuwa na shida. Wenyeji walizungumza Kiha, wageni Kirundi, wakaelewana tangu mapumziko ya kwanza. Aliyekuwa haelewi kitu alikuwa mimi. Mara moja tu tairi la lori lilipasuka barabarani, na kabla sijageuka, nusu ya darasa langu ilikuwa chini ya madawati. Watoto wa Ujiji walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha msichana mmoja akaingia chini ya dawati akakaa na mwenzake mpaka nilipomaliza kufuta ubao.

Barua ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Ofisi ya elimu na watu wa misaada walitaka walimu wa mjini wacheze na walimu wa kambini, ili kujenga ujirani mwema. Mshindi angepata mipira miwili mipya ya ngozi na maboksi sita ya chaki. Mwalimu mkuu aliisoma barua mbele ya walimu wote, akafika kwenye mipira miwili, akainua macho. Sote tukatazama lile boga lililokuwa juu ya kabati.

"Mwalimu," akaniambia, "hii lazima tushinde."

"Kwa kipa yule?"

Kipa wetu alikuwa mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Akivaa miwani aliuogopa mpira, akiivua hakuuona. Alikuwepo pale ofisini, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Sikuwa na nia mbaya siku nilipokwenda ufukweni Bangwe. Nilikwenda kununua dagaa. Boti la kutoka vijiji vya mwambao lilikuwa limefika, na mtu mmoja alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni akipokea mizigo iliyokuwa ikirushwa kutoka juu: katoni za sabuni, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese. Hakuna kilichomponyoka. Halafu kuku akamchoropoka mama mmoja, akaruka juu ya maji akipiga kelele, na yule mtu akanyoosha mkono mmoja bila haraka, akamdaka mguu hewani, akamkabidhi mwenyewe. Nilimtambua. Alikuwa jirani yangu wa Rusimbi, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kuli wa bandarini, mtu mpole asiyepita mlangoni kwako bila kusalimia.

Nilimngoja atoke majini.

"Kaka, umewahi kudaka mpira?"

"Mpira hauna uzito, mwalimu. Kitu kisicho na uzito kinadakwaje?"

"Kama kuku."

Akafikiri. "Kuku naweza."

Nikamweleza habari ya mechi, mipira miwili na kambi. Nikamweleza pia kwamba wachezaji wote lazima wawe walimu, na majina yataandikwa kwenye fomu pamoja na somo ambalo kila mmoja anafundisha.

"Sasa mimi nitafundisha nini?"

Masomo mengine yote yalikuwa yameshachukuliwa kwenye fomu, na mawili ya hayo yalikuwa ya uongo pia, lakini uongo huo ni wa mwalimu mkuu, si wangu. "Hesabu," nikasema. "Utakuwa mwenzangu."

"Mimi niliishia darasa la pili."

"Hutafundisha. Utadaka tu."

Akasugua mikono yake, magamba ya dagaa yakapukutika. "Na watu wataniita mwalimu?"

"Watakuita."

"Siku nzima?"

"Mpaka turudi."

"Basi nitadaka," akasema, na nikaona kwamba mipira miwili ya ngozi haikuwa na maana yoyote kwake.

Asubuhi ya mechi alifika shuleni wa kwanza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, tai ya kwaya, na kalamu tatu mfuko wa kifuani. Chini ya kwapa alikuwa na kitabu kikubwa. Nilikifungua. Kilikuwa cha maelekezo ya injini ya boti.

"Kaka, kalamu tatu za nini? Mimi mwenyewe nina moja."

"Wewe wanakujua," akanijibu.

Tulipanda nyuma ya lori tukiwa na rangi mbalimbali, tukashuka kambini sote tukiwa na rangi moja, ya vumbi. Mwalimu mkuu alipiga chafya, likatoka wingu.

Kocha wao alikuja kutupokea. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la suti ambalo suruali yake ilibaki upande wa pili wa mpaka, na tulijua habari zake kabla ya kumwona: alikuwa mwalimu mkuu kwao kwa miaka mingi, na ndiye aliyeanzisha shule pale kambini chini ya maturubai, siku ya nne baada ya kufika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kocha wenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akatazama nyuma yangu, pengine kocha alikuwa amejificha. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Basi leo tumekwisha," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini hata kidogo kwamba amekwisha.

Tukabadilishana fomu. Alisoma yetu polepole, kidole kikishuka jina baada ya jina, kikasimama kwa kipa. Akamtazama kipa mwenyewe, aliyekuwa akisalimiana na watu kwa mikono miwili iliyopasuka kama gome la mti.

"Mwalimu wa Hesabu," akasema Mzee. "Hiyo ni mikono ya Hesabu?"

Mimi nilikuwa nimefika kwenye namba kumi na moja yao, Mwalimu wa Kifaransa. Nilimtafuta kwa macho. Kijana mwembamba alikuwa amesimama pembeni akizungumza na mwenzake, na wakati wote akizungumza mpira ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya paja lake la kushoto bila yeye kuutazama.

"Na ile, Mzee, ni miguu ya Kifaransa?"

Tukacheka wote wawili, kila mmoja akakunja fomu ya mwenzake akaitia mfukoni kwa uangalifu.

Uwanja wao ulikuwa mzuri kuliko wetu. Watu waliokatazwa kutoka na kukatazwa kufanya kazi walikuwa na muda wa kutosha wa kusawazisha ardhi. Kambi nzima ilikuja. Refa alikuwa afisa utamaduni, mtu mfupi wa Mtwara mwenye viatu vilivyong'aa, ambaye kabla ya kuwa afisa alifundisha shule ya msingi miaka mingi.

Sitasema tulicheza vizuri. Mabeki wetu wanne walimkaba mwalimu wa Kifaransa kwa pamoja, naye akawapita kwa pamoja. Lakini kila alipofika golini alimkuta kuli. "Lete!" alikuwa akipiga kelele, kama yuko majini Bangwe. "Lete! Lete!" Na mpira ukaletwa, wa juu, wa chini, wa kuzunguka, naye akaupokea kama katoni ya sabuni. Mara moja, kwa mazoea, aliudaka, akauweka begani, akaanza kutembea nao kuelekea nje ya uwanja kabla hajakumbuka kwamba hapakuwa na ghala. Watu walifurahi sana. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa akiandika kitu kwenye kidaftari.

Mapumziko yalifika bila bao. Nilitembea moja kwa moja kwa refa, na nilipofika nikakuta Mzee naye amefika kutokea upande wa pili.

"Nina malalamiko," nikasema.

"Nina malalamiko," akasema Mzee.

"Namba kumi na moja si mwalimu."

"Kipa si mwalimu."

Refa alitutazama kwa zamu. Mamluki katika mechi za shule halikuwa jambo geni kwake. "Vyeti?" akauliza.

"Vimebaki nyumbani," nikasema, na kwa upande wa wachezaji wanane ilikuwa kweli.

"Vya kwetu vingi viliungua," akasema Mzee, na hapo refa akaacha kutabasamu.

Akafikiri, akigongagonga filimbi kwenye meno. "Vyeti hakuna. Lakini chaki ipo? Watoto wapo? Basi kila anayelalamikiwa aingie darasani afundishe dakika kumi. Mimi nitakaa nyuma. Mwalimu nikimwona namjua."

Niligeuka kumtafuta kuli. Alikuwa amesikia. Alikuwa mweupe kwa vumbi, lakini chini ya vumbi nadhani alikuwa mweupe zaidi.

"Ulisema nitadaka tu," akaninong'oneza.

"Kaka, nisamehe."

"Dakika kumi ni ngapi?"

Darasa lilikuwa turubai juu ya miti, ubao uliopakwa masizi, na magogo ya kukalia. Watoto waliingia mpaka hapakuwa na pa kukanyaga, na waliokosa nafasi walilala chini wakachungulia kwa kuinua pindo la turubai. Walimu tulijipanga pembeni. Refa akakaa kwenye gogo la nyuma, mkono wenye saa juu ya goti.

Alianza mwalimu wa Kifaransa. Nilijua nitakachokiona: mchezaji wa kulipwa aliyebebeshwa chaki. Alisimama kidogo, akawapa watoto mgongo, akaanza kuandika. Aliandika vizuri, herufi zilizolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Aliandika mstari, akausoma akiutazama ubao, kwa sauti ndogo. Akaandika wa pili, akausomea ubao. Mtoto wa mbele akapiga miayo, miayo ikahamia kwa wa pili, ikatembea darasa zima mpaka ikamfikia refa. Kijana hakugeuka hata mara moja. Niliona jasho likishuka shingoni mwake, likaingia ndani ya jezi. Dakika ya tisa ubao ulijaa, akabaki ameshika chaki bila pa kuandika.

"Ahsante," refa akasema kwa upole.

Halafu kuli akaingia. Aliweka kitabu cha injini juu ya gogo, akakipangusa. Akaichukua chaki, akaishika kama sigara, akautazama ubao uliojaa, kisha akaitia chaki mfukoni pamoja na kalamu. Nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa ameokota kijiti na anachora kwenye udongo, katikati ya darasa, umbo refu lililochongoka pande zote mbili. Akasema neno kwa Kiha. Darasa zima likajibu kwa Kirundi.

"Amesema nini?" nikamwuliza mwalimu wa dini, mwenyeji wa Ujiji.

"Amewauliza hiki ni nini. Wamesema boti."

Watoto wale wengi walikuwa wameliona ziwa mara moja tu maishani, wakati wa kukimbia, si kwa matembezi. Sasa wote walinyoosha shingo. Kuli akaanza kuwaita, mwalimu wa dini akinitafsiria. Wewe, gunia la muhogo, kaa hapa. Wewe, dumu la mawese. Wewe, mama mwenye mtoto, haya, mbebe huyu. Akawaweka wanane upande wa kushoto wa boti na wawili upande wa kulia. Kisha akawaambia waliobaki wafanye mawimbi. Mawimbi yakaanza kunguruma, boti likainama kushoto, na mizigo yote ikaanguka chini kwa kicheko, mama na mtoto wake.

"Ego! Naam!" akapiga makofi. "Limezama. Nani kalizamisha?"

Kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Hapana, akasema, ni aliyelipakia. Pakia upya. Wanane huku, wawili kule: nihamishe wangapi? Mvulana mmoja akasema wawili. Kuli hakumwambia amekosea. Alihamisha wawili, akaita mawimbi, boti likazama tena. Msichana mwenye shingo ndefu akapaza sauti kutoka nyuma, watatu! Wakahamishwa watatu, watano huku na watano huku, mawimbi yakavuma kwa nguvu zote, na boti likasimama. Mle ndani mlilipuka kelele kama tumefunga goli.

Angeishia hapo ingetosha. Lakini alikuwa ameshakolea. Akageuka, akatutazama walimu mmoja mmoja kama mtu anayechagua gunia, na macho yake yakatua.

"Sasa," akasema, safari hii kwa Kiswahili ili mhusika aelewe, "tumefika gatini, na kuna abiria mkubwa anataka kupanda."

Mwalimu mkuu alinitazama mimi. Nikatazama turubai. Angekataa, refa angeuliza kwa nini mwalimu wa Hesabu haheshimiwi na mkuu wake. Akavuta suruali, akaingia ndani ya boti, akakaa upande wa kushoto. Mizigo ya kulia ikajifanya inarushwa juu. Watoto walipata kichaa. Mkuu huyu ni sawa na watoto wangapi? Watatu! Wanne! Mmoja akasema kumi. Wakajaribu wanne kulia, kuli akamwinamia mwalimu mkuu, akapima kwa jicho la mtu aliyepakia boti miaka kumi na tano, akasema, "Ongeza mmoja."

"Muda," refa akasema, akifuta machozi kwa leso.

Hukumu haikuchukua muda. Refa alisimama mbele ya timu zote mbili. Kipa wa mjini, alisema, ni mwalimu, tena angependa walimu wote wa wilaya wamwone. Namba kumi na moja wa kambini, kwa masikitiko, hafahamu kazi hii, na hatacheza kipindi cha pili.

Kambi ilizomea. Walimu wangu walirukaruka. Mimi nilimtazama Mzee, nikitegemea uso wa mtu aliyekamatwa. Haukuwa huo. Alikuwa amefungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Na yule kijana alikwenda nyuma ya goli, akakaa chini, akavua jezi, akajifunika nayo kichwa.

Tulishinda moja bila. Dakika za mwisho mpira wa kona ulimgonga mwalimu mkuu tumboni ukaingia, na bado anasimulia kwamba aliuelekeza.

Baada ya mechi tulipewa chai na maharage. Sikuweza kunywa. Nilimfuata Mzee, aliyekuwa akikunja nyavu za goli, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, kipa wangu si mwalimu. Ni kuli."

"Najua," akasema, bila kuacha kukunja. "Kijana wangu ndiye mwalimu. Ana cheti. Alipokimbia alikibeba ndani ya shati, kimefungwa kwenye nailoni, na hakubeba kitu kingine. Anajua Kifaransa kuliko mimi. Ila watoto wakimtazama anakufa." Akafunga fundo. "Sikutegemea refa atakayetaka kuona watu wanafundisha. Nilitegemea wa kawaida."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeanza kuulizia na wengine." Akaangalia huku na huku, akainama sikioni mwangu. "Hukumtazama beki wangu wa kulia hata mara moja, mwalimu. Yule ni fundi cherehani. Na kipa wangu anaoka mikate."

Nilicheka mpaka nikaona aibu ya kucheka, maana yule kijana alikuwa bado nyuma ya goli. Nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwambia ukweli wote: kuhusu kuku, kuhusu Bangwe, kuhusu darasa la pili. Nilidhani atanitukana, na nilistahili. Alitoa jezi kichwani.

"Si mwalimu?"

"Si mwalimu."

"Lakini hata mimi nilimwelewa," akasema. Kisha: "Anafanyaje?"

"Hajui anavyofanya. Ukimwuliza ataharibu."

Kabla lori halijaondoka nilimwachia Mzee mpira mmoja kati ya ile miwili. Mwalimu mkuu alinuna mpaka tunaingia mjini. Sikujua ananuna kwa sababu ya mpira au kwa sababu ya watoto watano.

Makubaliano yangu na kuli yalikuwa aitwe mwalimu mpaka turudi. Tulirudi, lakini habari ilikuwa imetangulia, na Jumatatu watoto wa Rusimbi walimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," kuanzia mlangoni kwake mpaka barabara ya bandarini. Siku ya pili alibisha hodi ofisini kwetu, akiwa na lile shati.

"Wananipa barua niwasomee," akasema. "Sasa nitafanyaje?"

Shule yetu ilikuwa na darasa la watu wazima saa kumi jioni. Mwalimu mkuu alidai kumfundisha yeye mwenyewe, na ilikuwa kisasi tupu. Alimpa imla za maneno marefu kuliko treni. Kuli aliandika ulimi ukiwa nje, akikosea na kufuta, na hakukosa kipindi hata kimoja. Kufika mvua za vuli alisoma barua ya kwanza ya jirani, polepole, akasita katikati akasema, "Hapa kuna matusi," akairuka sentensi.

Mechi ya marudiano ilikuwa kwetu. Wenzetu walipata kibali cha siku mbili. Hakuna aliyelalamika juu ya mtu yeyote, maana pande zote mbili tulikuwa na sababu nzuri za kunyamaza, na mwalimu wa Kifaransa alitufunga matatu. Kesho yake asubuhi, kabla ya lori lao kuondoka, alikuja kusimama kwenye mlango wa darasa langu.

"Naomba kukaa nyuma," akasema.

Alikaa nyuma vipindi viwili. Wakati wa mapumziko alikiri kwamba akigeuka tu anaona macho yote pamoja na anasahau hata jina lake.

"Unapokuwa na mpira," nikamwuliza, "unatazama watu wote uwanjani?"

"Hapana. Natazama mmoja, nampa."

"Basi."

Akanitazama kana kwamba nimemcheza shere. Lakini kipindi cha tatu nilimpa chaki, nikaenda kukaa mahali pake nyuma. Alisimama mbele ya darasa langu la tatu. Akamchagua mtoto mmoja, akamtazama huyo peke yake, akamwambia neno moja la Kifaransa. Mtoto akalirudisha. Akamtazama wa pili. Neno likaenda, likarudi, likaenda upande wa dirisha, likarudi katikati, na baada ya dakika chache nilisahau kwamba natakiwa kumhurumia. Mtoto mmoja alitamka vibaya sana, darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao, akashtuka kujisikia anacheka, akaendelea. Honi ya lori ilipigwa mara tatu kabla hajaisikia.

Miezi mitatu baadaye nililetewa barua kwa mkono na dereva wa lori la misaada. Ilikuwa ya Mzee, mwandiko wa mwalimu wa zamani, pembezoni pameachwa nafasi ya kusahihisha. Alinisalimia kwa heshima zote, akauliza hali ya mwalimu mkuu, akauliza hali ya kipa. Kisha akaingia kwenye lawama. Kijana wake, aliandika, sasa anafundisha darasa la nne na la tano kwa pamoja, watoto wanamfuata mpaka nyumbani, jioni anasahihisha madaftari na hana nafasi ya mazoezi. Timu imefungwa Jumamosi nne mfululizo, mara moja na wapishi.

"Mwalimu," alimalizia, "ulinikuta na mshambuliaji mmoja tu katika kambi nzima, ukaniharibia."